HISTORIA YETU ISIACHIWE SIMU

Hapana mwalimu wa historia katika Visiwa hivi mwenye wanafunzi wengi kuliko simu ya mkononi. Hatii saini daftari la mahudhurio, hana mtaala, hakaguliwi na mkaguzi yeyote, na darasa lake halifungwi hata siku ya Sikukuu. Kijana wa Kidato cha Tatu anayetoka skuli mchana, kabla ya kulala huwa amekwisha kuoneshwa vipande kadhaa vya filamu kuhusu nchi yake: kimoja kinamwambia nani aliyeujenga Mji Mkongwe, cha pili nani mwenyeji na nani mgeni, cha tatu kinamwonesha picha za Januari 1964 zisizo na jina la mpigaji wala mahali zilipopigwa. Kesho yake asubuhi mwalimu wake wa skuli husimama mbele ya ubao na kipande cha chaki, akamwandikisha sababu tano za kuja kwa wakoloni.

Kwa hiyo tusipoteze muda kubishana kama vyombo vya kisasa vya picha na sauti viruhusiwe kuingia katika somo la historia. Vimekwisha kuingia, tena kwa mlango wa nyuma. Jambo tunaloliweka leo mbele ya wananchi na viongozi wa Serikali ni kuwa mwalimu apewe vyombo hivyo, na apewe pia kumbukumbu zetu wenyewe za kuweka ndani yake, ili kijana ajifunze kuihoji picha kabla ya kuiamini.

Visiwa hivi si wageni wa mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi, ya mwanzo katika Afrika kusini ya Sahara, na ndugu zetu wa Bara wakangoja karibu miaka 20 kabla ya kupata televisheni yao. Katika miaka ya 2000 watoto wa maandalizi walisomeshwa kwa redio kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze, ambamo sauti iliuliza swali, ikanyamaza, na watoto wakajibu na kuimba pamoja na mwalimu wao. Na mwaka 2020, skuli zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, masomo yalipelekwa majumbani kwa redio na televisheni. Basi asitokee wa kutuambia kuwa vyombo hivi ni anasa ya mataifa makubwa.

Lakini chombo ni chombo tu. Kompyuta inayomwonesha mwanafunzi maneno yale yale yaliyomo kitabuni, kwa herufi za rangi, haikumwongezea kitu. Atayanakili kama alivyoyanakili ya ubaoni, na baada ya mtihani atayasahau kama alivyoyasahau yale. Faida ya vyombo hivi katika historia ni moja kubwa: vinaweza kumletea mwanafunzi ushahidi wenyewe, yaani sura, sauti, mwandiko na ramani za wakati ule, akaupima kwa akili yake mwenyewe huku mwalimu akimwongoza.

Tuchukue mfano wa tarehe 27 Agosti 1896. Mwanafunzi huvisoma vita vile kwa mistari michache. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti. Sayyid Khalid bin Barghash akalishika jumba la kifalme bila ya ridhaa ya Waingereza. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, muda aliopewa ukamalizika. Mizinga ya manowari ikalia kwa muda usiotimia saa moja. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Mwanafunzi hukariri kuwa hivyo ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, akaenda zake akitabasamu.

Hata hivyo, zipo picha zilizopigwa baada ya mizinga kunyamaza. Zinaonesha majumba ya pwani yakiwa magofu, na milingoti ya Glasgow, merikebu ya Sultani, ikichomoza majini. Mwalimu mwenye projekta moja na shuka jeupe ukutani aitundike picha mojawapo mbele ya darasa kwa dakika tano bila ya kusema neno. Kisha aulize: Aliyepiga picha hii alisimama wapi? Aliipiga kwa ajili ya nani? Kitu gani hakuonesha? Inakadiriwa kuwa watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na kwa upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Je, katika picha wako wapi hao 500? Manowari tano za Kiingereza tunazijua kwa majina, St George, Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon. Ni wangapi kati ya waliokufa jumbani tunaowajua kwa majina? Darasa likifikia swali hilo, hapana atakayetabasamu tena, na hapana atakayehitaji kukaririshwa.

Somo hilo lina mkia wake. Mnara wa saa wa Beit al Ajaib, ambao wengi wetu tumeuona umri wetu wote, uliunganishwa na jumba lile la mwaka 1883 baada ya mnara uliosimama mbele yake kuharibiwa na mizinga hiyo ya 1896. Tarehe 25 Disemba 2020 upande huo wa jumba uliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Mtoto aliyezaliwa baada ya siku ile mnara wa zamani ataujua kwa picha tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa hauko katika mawe peke yake.

Picha ni ushahidi wa macho. Uko pia ushahidi wa masikio, na katika huo Visiwa vyetu vina hazina kubwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika hali ya unyonge, alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, akarekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Nyimbo zile hazikuwa za mapenzi matupu. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa mjini, na namna haki ilivyokwenda mbele ya hakimu. Mwanafunzi akiusikiliza wimbo huo kwa sauti yake mwenyewe Siti, aulizwe: Mwimbaji anamlaumu nani? Jalada la mahkama lingekisimulia kisa hiki namna gani? Kwa nini mtu asiyekuwa na nafasi ya kusema barazani aliyaweka malalamiko yake ndani ya wimbo? Dakika chache za sauti hiyo zitamfundisha maisha ya watu wa Ng'ambo chini ya utawala wa kikoloni kuliko orodha ya majina ya Mabalozi Wakaazi wa Kiingereza.

Uko pia ushahidi wa ardhi yenyewe, na hapa lipo suala la haki baina ya watoto wetu. Mtoto wa Makunduchi anaweza kufika Kizimkazi Dimbani akauona msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Mtoto wa Micheweni pengine hatafika huko mpaka amalize skuli. Na huyu wa Makunduchi, je, lini atayaona magofu ya Pujini yanayonasibishwa na Mkama Ndume, au ya Ras Mkumbuu, au ya Chwaka karibu na Tumbe? Wapo watu wazima wa Unguja ambao hawajavuka mkondo kwenda Pemba hata mara moja, nao huzungumza juu ya historia ya Zanzibar kana kwamba inaishia Nungwi. Filamu fupi ya kila mahali pa kale, iliyopigwa kwa uangalifu na kusimuliwa kwa Kiswahili fasaha, ikifuatana na ramani, itawakutanisha watoto hawa wawili. Hapo watafahamu, kwa mfano, kwa nini kimbunga cha mwaka 1872, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama, kilihamishia uzito wa zao hilo kisiwa cha pili. Kitabu kinaweza kulisema jambo hilo kwa sentensi moja; ramani mbili zilizowekwa pamoja humfanya mwanafunzi aligundue mwenyewe.

Sasa tufike penye uzito zaidi. Mwaka 1966 Waitaliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, walitoa filamu iitwayo Africa Addio. Ndani yake mna sehemu iliyopigwa kutoka angani, inayotolewa kama maonesho ya mauaji ya Zanzibar ya Januari 1964. Filamu hiyo ilishutumiwa vikali kwa namna ilivyowadhalilisha Waafrika, na Jacopetti alishitakiwa nchini kwao kuhusu mauaji yaliyopigwa picha Congo, kisha akaondolewa hatia. Vipande vyake leo vinazunguka katika simu za vijana wetu. Vingine vimekatwa, vikaongezwa muziki na maneno mapya, na vikatumwa hasa nyakati za uchaguzi.

Mwanafunzi aliyekwisha kukiona kipande hicho humwendea mwalimu wake na swali. Mwalimu, kwa kuogopa, humwambia akae chini. Tunauliza: mtoto huyo atakwenda kuuliza wapi? Atakwenda kumwuliza yule yule aliyemtumia picha. Ukimya wa skuli unamwachia kila mwenye chuki yake nafasi ya kufundisha.

Hatuandiki haya kwa kufukua makaburi. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ni msingi wa utawala wa nchi hii. Kwa wengi ndiyo siku waliyopata ardhi na heshima. Ni kweli vile vile kuwa watu waliuawa, wengine wakakimbia nchi, na zipo nyumba zinazobeba msiba huo hadi leo. Taifa lililokomaa linaweza kuyasema mambo yote mawili mbele ya watoto wake kwa sauti ya utulivu. Na mwalimu aliyefundishwa kazi yake anaweza kukichukua kipande kama kile akawauliza wanafunzi: Nani aliyepiga? Alikuwa angani kwa idhini ya nani? Msimulizi anasema nini ambacho picha yenyewe haioneshi? Kuna ushahidi gani mwingine, wa maandishi au wa wazee walioshuhudia, unaokubaliana nacho au unaokikana? Kijana aliyezoea maswali hayo hatachukuliwa na kila upepo. Haja ya maswali hayo imezidi leo, kwani kompyuta zenye akili mnemba zinaweza kutengeneza sura ya marehemu na kumtia kinywani maneno ambayo hakuyasema kamwe.

Wazee walioshuhudia, tumesema. Hilo haliwezi kungoja bajeti ya mwaka wa kesho kutwa. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 siku ya Mapinduzi alizaliwa mwaka 1949; leo amevuka miaka 75. Wanaokumbuka kwa macho yao Vita vya Ng'ombe vya Kiembesamaki vya mwaka 1951, au mgomo mkuu wa wafanyakazi wa mwaka 1948, wamebaki wachache mno. Kila wiki tunazika, tunasoma hitma, na pamoja na maiti tunafukia kumbukumbu ambayo haikuandikwa popote.

Kazi ya kuzikusanya si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1970 na 1980 palikuwa hapa Zanzibar na kituo cha EACROTANAL, kilichoundwa na nchi za Afrika Mashariki kwa ajili ya kutafiti masimulizi ya mdomo na lugha za Kiafrika. Wakati ule mtafiti alibeba kinasa sauti kizito na kanda chache za kuhesabu. Leo mwanafunzi wa Kidato cha Nne ana mfukoni kinasa sauti, kamera na saa, vyote katika kitu kimoja kisichozidi kiganja. Kwa nini basi tusimtume kwa babu na bibi yake? Apewe maswali kumi yaliyotungwa darasani. Aombe ruhusa kwa adabu, na mzee akikataa asisumbuliwe. Aandike jina, mahali na tarehe, kwani sauti isiyo na hayo ni kama barua isiyo na anwani. Akirudi, darasa lisikilize wazee watatu wakilieleza tukio moja, na kila mmoja akalieleza kwa namna yake. Hapo ndipo kijana atakapojua, bila ya kuambiwa, kuwa historia hupimwa kabla ya kuandikwa.

Wapo watakaosema kuwa hizi ni ndoto. Watatukumbusha madarasa yaliyojaa, madawati yasiyotosha na skuli zinazosomesha kwa mikondo miwili. Hoja hizo ni za kweli, na hatutaki hata shilingi moja ya dawati ihamishiwe kwenye kompyuta. Lakini tunayoyataka si makubwa kama yanavyodhaniwa. Spika moja na kadi ya kumbukumbu iliyojazwa sauti vinatosha kwa somo la Siti. Picha moja ya 1896 iliyochapwa kwa ukubwa wa meza inatosha kwa somo la vita. Projekta moja inaweza kuzunguka baina ya skuli tatu kwa ratiba. Si lazima kila skuli iwe na intaneti, maadamu vitu vyenyewe vimewekwa ndani ya kompyuta kabla.

Wengine watasema umeme. Ni kweli, na sisi tunalijua somo hilo kwa uchungu. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikaa gizani kwa muda wa miezi mitatu baada ya njia ya umeme kutoka Bara kuharibika, mwaka mmoja na nusu tu baada ya giza la mwezi mzima la mwaka 2008. Pemba nayo ilipata waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka huo wa 2010. Kabla ya hapo ilitegemea majenereta. Funzo ni kuwa vifaa vya skuli visitegemee waya mmoja. Paneli ndogo ya umeme wa jua na betri yake inaweza kuendesha spika na projekta ya darasa moja.

Kikwazo kikubwa kuliko umeme na fedha ni mtihani. Mwalimu husomesha kile kitakachoulizwa, na hatuwezi kumlaumu, kwani yeye na skuli yake hupimwa kwa matokeo. Ikiwa karatasi ya historia itaendelea kutaka orodha za sababu na athari tu, projekta itafungiwa kabatini na ufunguo utakuwa kwa Mwalimu Mkuu. Lakini Baraza la Mitihani la Zanzibar likiweka katika mtihani wa Kidato cha Pili swali moja tu la lazima lenye picha, ramani au maelezo ya shahidi, likamtaka mwanafunzi aseme kinathibitisha nini na hakithibitishi nini, basi kila mwalimu kutoka Nungwi hadi Mkoani atazitafuta picha hizo mwenyewe. Baraza la Mitihani la Tanzania nalo likifanya hivyo kwa Kidato cha Nne, kazi itakuwa imekamilika nusu yake kwa gharama ya wino.

Lugha nayo inahitaji kutazamwa. Historia katika skuli zetu za sekondari imesomeshwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi, hali ya kuwa Siti aliimba kwa Kiswahili na wazee wetu husimulia kwa Kiswahili. Wenzetu wa Bara katika mtaala wao mpya wameweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalosomeshwa kwa Kiswahili. Hatusemi tuige kila kitu. Tunasema ushahidi usikilizwe na kujadiliwa kwa lugha uliyotolewa.

Kwa hayo yote, tunatoa mapendekezo manne kwa Serikali, na hasa kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali.

Kwanza, Taasisi ya Nyaraka iliyopo Kilimani, Taasisi ya Elimu na Idara inayosimamia Makumbusho na Mambo ya Kale zikae pamoja na walimu wa historia, zichague picha, ramani, barua na sauti 100 za kuanzia, kila kimoja na maelezo yake ya asili, na zipelekwe katika kila skuli ya sekondari ya Unguja na Pemba. Pemba isipewe mwisho. Hazina ya Kilimani ni mali ya mtoto wa Wete kama ilivyo ya mtoto wa Vuga, naye asilazimike kupanda boti ili aione. Wamiliki wa makusanyo binafsi waombwe kwa heshima na haki zao zilindwe. Kwa mfano Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, iliweka sura za mji huu kwa miongo mingi.

Pili, walimu wafundishwe. Semina ya siku mbili ya namna ya kuwasha mashine haitoshi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiwafundishe walimu wa historia namna ya kuuhoji ushahidi wa picha na sauti, na namna ya kuliongoza darasa katika jambo linaloumiza bila ya kuligawa.

Tatu, mwalimu anayejadili Januari 1964 kwa ushahidi na kwa uadilifu alindwe. Atolewe waraka wa Wizara unaosema hivyo waziwazi, ili asiogope mzazi wala kiongozi wa jimbo.

Nne, uanze sasa mpango wa kurekodi wazee katika kila shehia, kwa mkono wa wanafunzi na chini ya uangalizi wa walimu, na nakala zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja.

Kwenu wazazi tuna ombi dogo. Mjukuu akija na simu yake na maswali yake, msimfukuze mkidhani anacheza. Mwambieni mliyoyaona, na yale mliyoyasikia tu, mwambieni kuwa mliyasikia. Serikali ina kazi yake ya kutafuta vifaa, walimu na fedha, na tutaendelea kuikumbusha. Lakini sauti za wazee ziko majumbani mwenu, na kazi ya kuzihifadhi inaweza kuanza jioni ya leo.